Mwenye Kazi Asijifiche Nyuma ya Mkandarasi

TAREHE 20 Septemba, 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitoa uamuzi ambao hapana budi usomwe kwa makini katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, ingawa hauhusu dhahabu wala almasi. Ilizitupa rufani za Meta, kampuni ya Kimarekani yenye mtandao wa Facebook, iliyoshikilia kwamba haiwezi kushtakiwa Nairobi kwa kuwa haikuandikishwa Kenya na haikumwajiri mtu yeyote huko.

Kisa chenyewe ni hiki. Meta ilihitaji watu wa kutazama picha na maneno yanayotumwa kwenye mtandao wake na kuyaondoa yaliyo machafu. Kazi hiyo ikapewa kampuni nyingine, Sama, yenye ofisi Nairobi. Sama ikaajiri vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika, ikawaketisha mbele ya mashine kutazama watu wakichinjwa, watoto wakiteswa, wanawake wakinajisiwa, kutwa nzima na siku baada ya siku. Ujira wao, kama ulivyoripotiwa mwaka 2022, ulikuwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Ndugu Daniel Motaung, aliyetoka Afrika Kusini mwaka 2019 kuja kufanya kazi hiyo, alijaribu kuwaunganisha wenzake ili wadai mishahara bora na hali bora ya kazi. Akafukuzwa mwaka huohuo. Mei 2022 alizishtaki kampuni zote mbili. Sama ilikanusha madai yake. Meta yenyewe ikajibu kwamba huyo si mtumishi wake.

Jibu hilo tunalijua. Kijana wa Kahama au wa Geita anayeendesha mtambo, anayelinda geti au anayepika chakula cha wachimbaji chini ya kampuni ya ukandarasi amelisikia mara nyingi. Akidai malipo ya saa za ziada, mkandarasi humwambia kwamba mgodi haujalipa. Akienda mgodini, huambiwa aonyeshe kitambulisho, na kitambulisho kina jina la mkandarasi. Mkataba wa ukandarasi ukiisha, mkandarasi hufunga virago na kuondoka, naye kijana hubaki na kikohozi chake na barua isiyo na anwani ya kuipeleka.

Wazee wetu walipigana vita iliyo nyepesi kuliko hii kwa jambo moja: walimjua wa kumkabili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipomkataza kiongozi kiburi na uonevu, wafanyakazi waliuchukua maandishi hayo na kuyapeleka mpaka mlangoni kwa meneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikikalia kiwanda na kumkataa mwenye mali. Mtu anaweza kuhoji njia waliyoifuata, na Serikali ya wakati ule ilikuwa na la kusema juu ya mambo ya namna hiyo. Lakini hakuna aliyeuliza mwajiri ni nani. Hata Oktoba 2007, walipogoma wafanyakazi wa Bulyanhulu na mamia kwa mamia wakapoteza ajira, jina la Barrick lilikuwa wazi pande zote mbili za uzio. Ubepari wa siku hizi umejifunza kujenga ukumbi mrefu wenye milango mingi, na katika kila mlango yumo karani anayesema kwamba mwenyewe yupo mlango unaofuata.

Ndiyo maana majaji wa Nairobi wanastahili kusikilizwa. Tarehe 6 Februari, 2023, Jaji Jacob Gakeri aliamua kwamba Meta ni mhusika halali katika kesi ya Ndugu Motaung. Kufikia hapo Sama ilikwisha kutangaza kuiacha kazi ya kuchuja maudhui, na Machi 2023 wafanyakazi walifungua kesi nyingine kupinga kuachishwa kwao. Katika kesi hiyo, Juni 2023, Jaji Byram Ongaya alitoa amri ya muda akaeleza jambo ambalo mkulima yeyote angelielewa: kazi ilikuwa ya Meta, na mahali pa kazi palikuwa pa Meta, hata kama hapakuwa na kuta, bali ni ndani ya mashine. Mwenye shamba na mwenye mavuno ni yule yule. Sama alikuwa wakala tu. Rufani za Meta ndizo zilizogonga mwamba Septemba 2024. Uamuzi huo haukumaliza kesi, lakini ulifungua mlango uliokuwa umefungwa. Desemba mwaka huohuo ilijulikana kwamba uchunguzi wa Dakta Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ulikuta wafanyakazi zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yaletwayo na kuona mambo ya kutisha. Hao nao watibiwe na nani, kama hawana mwajiri?

Kwa upande wetu, hatuwezi kusema kwamba sheria haipo. Mwaka 2014 Serikali iliwakataza mawakala wa ajira kujifanya waajiri wa watu wanaowapeleka kwa wengine. Kabla ya hapo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, ilikwisha kusema kwamba mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo japo jambo moja miongoni mwa yaliyotajwa humo: kwamba saa zake au namna ya kazi yake inaongozwa na mwingine, kwamba anamtegemea huyo kwa riziki, kwamba vifaa vya kazi anapewa naye. Bunge halikuuliza kwanza rangi ya sare yake. Na anayeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza siku hizo wakizungushwa baina ya ofisi ya mkandarasi na geti la mgodi.

Tusiwatazame wageni peke yao. Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo, ukumbi ni ule ule ingawa ni mfupi. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye duara, wapo wachimbaji. Mawe yakitoka hugawanywa kwa viroba, na fungu la aliyeshuka shimoni ndilo la mwisho kuhesabiwa. Duara likititia, mwenye leseni husema alilikodisha. Mwenye duara husema hao walikuwa washirika wake. Ni ushirika wa ajabu, ambao mshirika mmoja hajapata kuiona hesabu. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tungali watoto kwamba ujira wa kibarua haungoji jasho likauke. Mwalimu hakuongeza kwamba kwanza itazamwe leseni ni ya nani.

Hatusemi kwamba kila anayenung'unika ana haki. Wapo waibao dizeli usiku na asubuhi wakajiita wanyonge, nao huwaharibia wenzao wenye madai ya kweli. Wapo pia wakandarasi wazalendo wanaokopa benki ili kulipa mishahara, kwa sababu mgodi umekaa na ankara zao kwa miezi. Nao wamebanwa, ila wanaye wa kumdai, na mkataba wao uko kabatini.

Tunachowaomba wenye migodi ni jambo dogo linalowezekana kabla ya zabuni ijayo. Kila mkataba wa ukandarasi uwe na kifungu kwamba malipo ya mwisho ya mkandarasi yatazuiwa mpaka aonyeshe kwamba amemlipa kila mfanyakazi haki zake, na kwamba asipolipa, mgodi utalipa kutokana na fedha hizo. Vyama vya wafanyakazi navyo viwaandikishe watu wa wakandarasi, wasiishie kwa wale wenye kitambulisho cha mgodi, ambao tayari wana nguvu kidogo. Na kifungu hicho kibandikwe getini kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, pale vijana wanapopanga foleni alfajiri kungoja kuitwa.