Embe ni Tamu, Lakini Pima Wiski

Watu wangu, maembe yamejaa soko. Kuanzia Novemba hadi Machi hivi, ya Makueni na Machakos yanauzwa kila kona, halafu bado kuna mtu anaingia supamaketi kununua sirapu ya embe. Kwani tuna shida gani?

Mimi nachukua embe moja iliyoiva mpaka inanukia, naisaga, nachuja. Kwa glasi moja: vijiko vinne vya hiyo rojo, ndimu nusu, wiski mililita 50. Asali kijiko kidogo, ila ikoroge kwanza na maji ya vuguvugu, juu ikikutana na barafu inaganda tu chini. Weka kwa chupa ya jemu, funga, tikisa. Imeisha.

Lakini hapa ndio nataka tuongee. Hiyo mililita 50, pima. Desemba nilikuwa namwaga kwa macho, nikijiona fundi. Beshte yangu akakunywa tatu akidhani ni juisi, kisha akasimama kutafuta funguo za pikipiki. Nilizificha. Alinikasirikia, akalala kwa kochi.

Wiski ni asilimia 40 pombe, na embe inaficha makali yote. Ukikaribisha watu kwako, wewe ndiye baa. Sema wazi kilicho ndani, weka jagi la embe bila wiski, na asiyekunywa asiulizwe maswali.

Wewe huwa unapima, ama unamwaga tu?