MV Umoja na mabehewa ya Port Bell: reli mpya inakuja, meli ni ile ile

KAMPALA – Mfanyabiashara wa Kikuubo anayeagiza mzigo kupitia Dar es Salaam ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni lori hadi Mutukula. Ya pili ni reli hadi Mwanza, kisha meli iliyoundwa mwaka 1964.

Meli hiyo ni MV Umoja, kazi ya kiwanda cha Yarrow cha Glasgow, Uskochi, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Pacha wake ni MV Uhuru. Zote mbili zina reli juu ya sitaha: behewa linaingia na mzigo wake na kutoka nao ng'ambo, bila kushushwa. Kwa mwenye ngano au saruji, faida iko hapo hapo. Kila mzigo unaposhushwa kuna wapagazi wa kulipwa, magunia ya kupasuka, na siku za kungoja.

Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, Umoja ikabaki Tanzania na Uhuru ikaenda Kenya. Majina hayo hayakukosa kejeli. Uganda nayo ikanunua zake Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Malori yakatawala. Umoja ilirudi Port Bell mwaka 2018 baada ya matengenezo, na Uhuru ikakarabatiwa Kisumu ili kuleta mafuta.

Tatizo sasa ni upana wa reli. Sitaha ya Umoja ni ya reli ya zamani, mita 1. Tanzania inajenga reli ya kisasa kuelekea Mwanza, yenye upana wa milimita 1,435, na Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na Yapi Merkezi wa kujenga ya upana huo huo kutoka Malaba hadi Kampala. Behewa la reli hiyo haliwezi kupanda Umoja. Kontena italazimika kuhamishwa kwa kreni Mwanza, isipokuwa reli ya zamani iendelee kutunzwa kando ya mpya. Kuiacha ife kungekuwa hasara, maana ndiyo inayoingia hadi gatini Port Bell.

Wanaojadili mikataba ya mizigo ya muda mrefu kupitia Mwanza wana sababu ya kuuliza mapema gharama ya kreni hiyo itaandikwa kwenye ankara ya nani.