Hita ya Bafuni Imekufa? Usikimbilie Kununua Nyingine

Asubuhi za Juni na Julai hapa Kasingirima zina kibaridi, na ndipo swali hili huja mfululizo: "Bwana shamba, hita ya bafuni imeungua, ninunue ipi inayodumu?" Maoni yangu ni haya: kwa nyumba nyingi za kwetu, hita bora ya kuchukua nafasi ya ile iliyokufa si hita nyingine ya bafuni. Ni birika la umeme linalojizima lenyewe, na ndoo. Nitakueleza sababu, kisha uamue mwenyewe, maana pesa ni yako.

Kwanza jua kilichoua ile ya zamani

Ukinunua mpya kabla ya kujua ugonjwa wa ile ya kwanza, utaizika na ya pili. Fungua uangalie koili. Ikiwa imevaa ukoko mweupe, tatizo ni madini ya maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi zinazoganda kwenye kitu cha moto. Angalia tu sufuria yako ya chai. Koili iliyovaa ukoko hushindwa kupeleka joto kwenye maji, hujipasha yenyewe, mwisho hukatika.

Ikiwa nyaya zimeyeyuka au swichi imeungua, tatizo ni waya mwembamba. Hita ya bafuni ya wati 5,000 huvuta zaidi ya ampia 20. Waya wa soketi ya kawaida hauwezi mzigo huo.

Ikiwa haijaungua ila maji yanatoka vuguvugu, huenda ni umeme mdogo. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, hita hubaki na takribani asilimia 60 tu ya nguvu yake. Maji ya bafuni yanapita mbio na hayasubiri. Birika nalo litachelewa, lakini maji yatachemka.

Hesabu ya LUKU

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Hizo ni bei kabla ya kodi.

Chukua familia ya watu watano ambayo taa, televisheni na simu vinakula uniti 40 kwa mwezi. Kila mmoja akioga dakika 10 kwa hita ya wati 5,000, hiyo ni uniti 125 kwa mwezi. Jumla 165. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500. 90 zinazobaki ni 31,500. Umelipa 39,000. Hata wakiharakisha wakaoga dakika 5 tu, bado ni takribani 17,000.

Sasa birika. Lita 3 za maji yaliyochemka ukizichanganya na lita 12 za bomba zinakupa lita 15 za joto la nyuzi 40 hivi, yaani maji safi ya kuoga mtu mzima. Hizo lita 3 zinakula takribani uniti 0.3. Watu watano kwa mwezi ni uniti 45. Jumla 85, sawa na shilingi 11,000.

Kama hauko D1, kila uniti ni ghali tangu ya kwanza, kwa hiyo sababu ya kubana ni hiyo hiyo.

Na kiangazi, toka Juni hadi Septemba, jua letu ni la bure. Dumu jeusi la lita 20 likishinda juani mchana, watoto wanaoga jioni bila kugusa LUKU.

Usalama usiufanyie mchezo

Hita ya kuchovya, ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo, ni rahisi bei lakini siishauri kwenye nyumba yenye watoto. Haijizimi, na mtu akitia mkono kupima joto kabla ya kuchomoa, anaweza kufa. Kama lazima uitumie, tumia ndoo ya plastiki, washa ikiwa ndani ya maji, na chomoa ndipo uguse.

Hita ya bafuni isiyo na ethi ni hatari vilevile, kwa kuwa unaigusa ukiwa umelowa. Birika nalo lina hatari yake, nayo ni kuungua. Tanguliza maji baridi kwenye ndoo, kisha mimina ya moto, na usimtume mtoto.

Kwa wafanyabiashara

Unayeuza kuku wa kunyonyolewa unahitaji maji ya nyuzi 60 na kidogo. Hita ya bafuni haitakufikisha huko. Sufuria na jiko banifu vinatosha. Mwenye gesti ni tofauti: wageni wanaoga kila siku, na hapo hita ya jua yenye tangi juu ya paa inastahili kupigiwa hesabu, kwa kuwa gharama kubwa ni ya siku ya kwanza. Ujue tu kwamba siku za mawingu za masika utahitaji msaada wa umeme.

Ukiamua kununua hita ya bafuni, zingatia haya

1. Alama ya TBS, na wati zilizoandikwa kwenye mwili wa kifaa, siyo kwenye boksi tu.
2. Koili yake iwe inauzwa peke yake hapa mjini. Hita isiyo na spea ni ya kutupa.
3. Waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, milimita 4 au zaidi, na sakiti breka yake.
4. Ethi iliyopimwa na fundi mwenye leseni ya EWURA.
5. Risiti ya EFD na waranti ya maandishi. Waranti ya mdomo huisha ukitoka dukani.

Jumlisha bei ya hita, waya, breka na fundi, halafu linganisha na bei ya birika. Birika likipata ukoko, chemsha maji yenye ndimu, liache lipoe, lisuuze, linaendelea na kazi. Tofauti ya shilingi 28,000 kwa mwezi tuliyoiona hapo juu ni bora iingie kwenye mbegu na mtaji wa duka kuliko kumwagika na maji bafuni.