Tudai kipimo kimoja cha unga wa watoto kabla mpaka haujafungwa

Machi 2021 barua moja kutoka Nairobi ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia Kenya kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Nakumbusha hayo kwa sababu ya mjadala ulioko Marekani. Februari 2021 kamati ndogo ya Bunge lao iliripoti kuwa vyakula vya watoto vya kampuni kubwa vilikuwa na arseniki, risasi, kadimiamu na zebaki. Mwezi uliofuata ukapelekwa muswada wa kuweka viwango vya lazima. Ulikwama, ukarudishwa tena. Jimbo la California halikusubiri: sheria yake ya 2023 inawalazimisha watengenezaji kupima kila mwezi na, tangu Januari 2025, kutangaza matokeo.

Jambo hili linatuhusu. Unga wa lishe tunaovusha Namanga, Busia na Mutukula una mchele, mahindi, soya, karanga, pengine na dagaa. Mpunga hufyonza arseniki kutoka kwenye udongo na maji. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kilicho salama. Haionekani kwa macho, haitoki kwa kuchekecha wala kwa kuchemsha uji.

Wapo watakaosema vipimo ni mbinu ya kumwondoa mfanyabiashara mdogo. Hofu hiyo ni ya kweli iwapo kila nchi itapima upya mzigo uleule na kutoza ada yake. Mwenye magunia matano hawezi kulipia maabara mbili.

Ndiyo maana tusisubiri kuletewa sheria. Vyama vyetu vya mipakani vidai mambo matatu kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki: kiwango kimoja cha metali hizo katika unga wa watoto; maabara karibu na mpaka, ambako wenye mizigo midogo kutoka kinu kimoja watachangia gharama ya sampuli moja; na cheti kinachokubalika pande zote.

Tukinyamaza, siku sumu itakapogunduliwa tutaandikiwa barua nyingine, na safari hiyo tutakuwa tumeshawauzia akina mama uji wenye madhara.