Vimeundwa, na Vimebebwa

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii nimeifundisha miaka mingi, na nimeisahihisha katika madaftari yasiyo na idadi. Sasa nimestaafu, nakaa hapa Balangdalalu nikiutazama Mlima Hanang kila asubuhi, na naona kwamba methali hiyo ina pengo. Kati ya kuundwa na kuelea kuna jambo la tatu, nalo ni kubebwa. Anayeunda husifiwa, anayepanda husifiwa. Anayebeba huambiwa asante, tena si kila mara.

Huenda msomaji akauliza mtu wa Hanang, ambako maji yetu makubwa ni ziwa la chumvi, ana lipi la kusema juu ya vyombo vya majini. Ninalo. Mashua iliyopata sifa kubwa kuliko zote katika historia ya bara letu ilisafiri nchi kavu miezi mingi kabla ya kuuona mto iliokusudiwa, na mnamo Januari 1875 ilipita Unyaturu, kwa jirani zetu wa Singida. Jina lake ni Lady Alice, na mwenyewe ni Henry Morton Stanley.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Katika miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, niliwauliza wanachuo wataje sababu za kufanikiwa kwa safari ile ya kuufuata Mto Kongo hadi baharini. Majibu niliyoyataka yalikuwa manne: fedha za magazeti mawili, moja la London na moja la New York, mashua bora, bunduki, na ujasiri wa kiongozi. Mwanachuo mmoja aliongeza la tano, akaandika neno moja tu: mabega. Nikalipiga mstari mwekundu. Alipokuja kuuliza, nikamjibu kwamba wapagazi walikuwamo katika kila msafara, uliofaulu na ulioshindwa, kwa hiyo hawawezi kuwa sababu. Jibu langu lilikuwa na sura ya kisomi. Kwa kweli lilikuwa jibu la mtu ambaye hakuwahi kujiuliza mashua ile ilifikaje mtoni.

Ilifika hivi. Ilijengwa Teddington, karibu na London, na fundi James Messenger. Ilikuwa ya mbao nyembamba za mwerezi, urefu wake futi 40, nayo iligawanyika vipande vitano ili ibebeke. Kwenye karatasi maandalizi hayo hayakuwa na kasoro. Lakini vipande vilipofika Zanzibar na kupimwa, vilionekana kuwa vizito mno, kipande kimoja kikipita kilo 100, na vipana kupita vichochoro vya porini. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Ikabidi atafutwe seremala mwingine, Ferris, avikate na kuviunda upya. Kosa halikuwa la mkono wa fundi wa Teddington. Alijenga mashua nzuri. Ila hapakuwa na bega la mpagazi karibu yake alipokuwa akipima.

Hapa kwetu mwanamke anayemfunga punda magunia hafanyi kosa hilo. Huyainua magunia yote mawili kwanza, hulinganisha kushoto na kulia, humtembeza punda hatua chache, kisha hufungua na kufunga tena. Hajasoma chuo chochote cha mipango. Anajua tu kwamba mzigo hupimwa kwa yule atakayeubeba.

Stanley mwenyewe, tumpe haki yake, alilielewa jambo hili kuliko sisi tuliofundisha habari zake. Katika kitabu chake cha 1878 ameeleza kwamba wabeba mashua walikuwa mahamali wa Zanzibar waliozoea mizigo mizito. Kila kipande kilipewa watu wanne, wakipokezana wawili wawili. Walilipwa zaidi ya viongozi wote wa msafara isipokuwa mkuu wao, Manwa Sera. Walipewa posho maradufu, na waliruhusiwa kufuatana na wake zao. Hayo yameandikwa na mwenye msafara. Basi ni nani aliyewaita watu hao “wapagazi tu”? Ni sisi. Neno hilo “tu” ni la walimu na watunga vitabu, na mimi nimo.

Wapo watakaosema: Stanley ndiye aliyepanga, ndiye aliyelipa, na bila yeye mahamali wale wangebaki gatini Zanzibar. Sibishi kwamba alipanga. Nabisha kwamba mpango ulitosha. Msafara ulitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu wapatao 356, ukafika Ziwa Viktoria mwishoni mwa Februari 1875. Huko vipande viliunganishwa na ziwa likazungukwa. Kisha mashua ikapelekwa hadi Ziwa Tanganyika, ikavushwa, ikabebwa hadi Nyangwe, ikaingizwa katika msitu mnene ambamo wabebaji walilazimika kuikatia njia. Ni mpango gani wa London uliokuwa na sura juu ya msitu ule?

Na mtoni penyewe, maandalizi hayakwisha. Penye maporomoko ya Boyoma, mapema mwaka 1877, wale watu walikata njia kando ya maji na kuvuta mitumbwi nchi kavu, poromoko baada ya poromoko. Huko chini mto ulipowanyang’anya vyombo, waliangusha miti mikubwa na kuchonga mitumbwi mipya papo hapo. Safari ndefu ya mto huandaliwa kila siku upya, na anayeiandaa ni yule mwenye shoka na kamba mkononi.

Wala sitaki mtu adhani namtukuza Stanley. Pale Unyaturu, mahali alipopaita Vinyata, bunduki zake ziliua watu waliokuwa kwao, na nyumba zao zilichomwa. Njia aliyoipima ikaja kuwa njia ya Mfalme Leopold, na watu wa Kongo walilipa kwa damu. Wabebaji walipelekwa katika mambo hayo, wengine wakiwa na bunduki mikononi. Kuwapa haki yao hakumaanishi kuwafanya malaika. Maana yake ni kuwahesabu kuwa watu waliojua kazi.

Anayesita na atazame kifo cha Frank Pocock, tarehe 3 Juni 1877. Kijana yule Mwingereza alikuwa ameishiwa viatu, miguu imejaa vidonda, hawezi kutembea. Akataka kupita maporomoko ya Massassa ndani ya mtumbwi. Uledi, nahodha, mtu aliyeyajua maji, akaenda kuyatazama akarudi akasema hayapitiki. Pocock akawaambia ni waoga. Wakaingia, na Pocock akafa maji, yeye na wengine waliokuwamo. Uledi akaokoka. Tunasema jozi ya viatu ni kitu kidogo katika orodha ya vifaa, nami nakubali kwamba ilichangia. Lakini upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa sikio.

Lady Alice yenyewe iliachwa juu ya mwamba, karibu na Isangila, mwishoni mwa Julai 1877. Waliobaki wakaenda kwa miguu, njaa ikiwatafuna, wakafika Boma tarehe 9 Agosti. Mashua haikumaliza safari. Mabega yaliimaliza. Kati ya wale 356, waliorudi Zanzibar hawakufika nusu.

Tunapenda kusema kwa kicheko: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Kicheko hicho kimetuharibu. Tumezoea kwamba mmoja huandika uzito na mwingine huuinua, na wawili hao hawaonani. Nimekaa katika vikao ambamo tulipanga idadi ya vipindi vya mwalimu wa kijijini bila mwalimu hata mmoja wa kijijini kuwamo, kisha tukashangaa mzigo ulipoangushwa njiani. Tulimwita mvivu. Pocock naye aliita watu waoga.

Kwa hiyo nawaomba walimu vijana wanaofundisha safari zile: msianze na mashua, anzeni na bega. Waulizeni watoto kipande kile kilikuwa na uzito gani, na ni wangapi walipokezana. Watajeni Manwa Sera na Uledi kwa majina, kama mnavyomtaja Stanley. Na ninyi mnaopanga mambo maofisini, kabla ya kutia sahihi, mwiteni atakayebeba aupime mzigo mbele yenu, na akisema ni mzito, kateni upya kama Ferris.

Mwanachuo yule aliyeandika mabega sikumtafuta wakati ule, na sasa sijui yuko wapi. Kama kitabu hiki kitamfikia, ajue kwamba jibu lake lilikuwa sahihi. Maksi nilimnyima mimi, na kosa ni langu.