Tiketi ya ng'ambo ianzie Kisumu

Kijana wa Muhuru Bay au wa Ndhiwa akipata nafasi ya kusoma au kufanya kazi ng'ambo, jamaa zake huihesabu safari kuanzia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, Nairobi. Wanachanga pesa za karo na tiketi, wanamwombea viza ipite, wanamnunulia begi jipya. Mwendo wa kutoka nyumbani hadi Embakasi huachiwa basi la usiku na rehema za Mungu. Naona hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Kwa mtu wa Migori na Homa Bay, siku mbili za kwanza za safari ndefu ya ndege humalizikia barabarani na kwenye foleni, na ndizo siku ambazo jambo dogo likienda kombo huvuruga yote yanayofuata. Zinastahili kupangwa na kuhudumiwa kama sehemu ya safari, na pa kuanzia ni kwenye tiketi yenyewe: ianzie Kisumu.

Tufuate mwendo ulivyo leo. Basi linaondoka Migori jioni, linapita Rongo, Kisii, Keroka, Sotik, Bomet na Narok, zaidi ya kilomita 350, na likijaliwa linafika Nairobi alfajiri. Anayetoka Mfangano amepanda boti kwanza hadi Mbita, kisha matatu hadi mjini Homa Bay, kabla hata ya kulifikia hilo basi. Lakini ndege nyingi za Ulaya, pamoja na ile ya Kenya Airways inayokwenda New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, huondoka usiku. Kwa hiyo msafiri hushinda mjini mchana kutwa akilinda begi zake, ama kwa ndugu anayeishi mbali na barabara ya uwanja wa ndege, ama kwenye benchi la steji. Jioni anaingia tena kwenye msongamano wa magari. Langoni mwa uwanja abiria hukaguliwa, halafu ndipo wafike kwenye jengo la abiria, ambako hutakiwa wawe saa tatu kabla ya ndege kuruka. Kutoka hapo hadi New York ni takriban saa 15 angani. Tangu alipofunga mlango wa nyumbani hadi anatua, amelala usiku mbili akiwa ameketi.

Na anapotua ndipo anapohitaji akili timamu kuliko wakati mwingine wowote. Afisa wa uhamiaji anamuuliza atakaa wapi, nani anamlipia, amekuja kufanya nini. Mwanafunzi anayekwenda Marekani lazima awe na fomu ya chuo mkononi. Ikiwa aliipakia kwenye begi kubwa, begi hilo halijamfikia bado. Kama anaendelea na safari hadi jimbo jingine, ni lazima achukue mizigo yake kwenye uwanja wa kwanza aliotua na kuikabidhi upya, hata kama lebo yake imeandikwa mji wa mwisho. Mgeni ambaye hajalala, na ambaye hakuelezwa hayo, huyapitia kwa kubahatisha.

Uchovu peke yake ungevumilika. La hatari zaidi ni kwamba safari ya basi haina bima yoyote mbele ya shirika la ndege. Mwishoni mwa Desemba 2017, baada ya ajali mbaya kadhaa, Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani ilipiga marufuku mabasi ya usiku kwa ghafla. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Mai Mahiu yaliua makumi ya watu na kuikata barabara katika eneo lile lile ambalo mabasi ya kwetu hupitia. Tarehe 11 Septemba 2024 ikawa zamu ya uwanja wenyewe, wafanyakazi walipogoma na safari zikakwama. Tuangalie tofauti. Ndege ikichelewa au ikifutwa, ni juu ya shirika kumtafutia abiria wake ndege nyingine. Basi likikwama Narok, kwa shirika la ndege huyo ni abiria ambaye hakufika, basi, na mara nyingi vipande vyote vilivyobaki vya tiketi yake hufutwa, pamoja na kile cha kurudi. Pesa za harambee ya kijiji kizima huondoka hivyo, kwa sababu ya lori lililopinduka usiku.

Tiketi moja inayoanzia Kisumu huuhamisha mzigo huo kutoka kwa jamaa hadi kwa shirika. Kutoka Migori hadi Kisumu ni kama kilomita 180, na kutoka Homa Bay ni karibu zaidi. Mtu anaondoka asubuhi baada ya kunywa chai kwao. Kuruka hadi Nairobi hakufiki saa nzima. Kwa kawaida begi hupewa lebo ya mwisho wa safari pale pale Kisumu, na uzito unaoruhusiwa ni ule wa tiketi ya ng'ambo, si ule mdogo wa ndege za ndani ya nchi. Ndege ya Kisumu ikichelewa hadi ile kubwa ikaondoka, shirika la ndege ndilo linalowajibika. Jambo hili halihitaji sheria mpya, maana linawezekana leo kwa shirika lenyewe linaloruka Kisumu na kwa mashirika ya kigeni yaliyo na mkataba nalo. Lakini wakala wa tiketi hutafuta bei ya kutoka Nairobi kwa sababu hiyo ndiyo aliyoulizwa. Anayenunua tiketi ya Kisumu naye ajue sharti moja: asishawishiwe na jamaa wa Nairobi kutangulia kwa basi ili apandie ndege Embakasi. Asipokitumia kipande cha kwanza, tiketi yote inaweza kufutwa.

Najua jibu litakalokuja: ndege ya Kisumu ni ya wenye nacho. Ni hoja ya kweli kwa anayenunua kipande hicho peke yake. Kikiunganishwa na tiketi ndefu, bei huwa nyingine, na wakati mwingine nyongeza huwa ndogo. Muhimu zaidi, hatupigi hesabu kamili ya basi. Mara nyingi msafiri haendi Nairobi peke yake, bali huenda na matatu ya kukodi iliyojaa wazazi, wajomba, shangazi na mchungaji, na wote hao watakula, watalala na kurudi. Siidharau desturi ya kumsindikiza mtu wetu. Ni upendo, na anayekwenda mbali anauhitaji. Lakini maombi na machozi yana nafasi yake hata pale uwanja wa Kisumu, na jamaa wakarudi kwao siku hiyo hiyo. Kwa pesa ile ile waliyokuwa wakiitumia, kijana angefika akiwa na akiba mfukoni.

Wapo pia wanaosema tujengewe viwanja vyetu, Lichota kwa Migori na Kabunde kwa Homa Bay. Viwanja hivyo vina kazi yake, lakini ndege ndogo isiyofungamana na tiketi ya ng'ambo humwacha abiria na hatari ile ile ya basi. Uwanja wa kimataifa tunao tayari kando ya ziwa. Tuutumie.

Siku za kwanza za safari zina upande mwingine, ule wa makaratasi, na huo huanza mapema kuliko tunavyodhani. Chanjo ya homa ya manjano, kwa mfano, huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo kadi iliyopatikana juzi haimsaidii anayeruka leo kwenda nchi inayoidai. Jina nalo ni shida kubwa kwetu. Cheti cha shule kimeandikwa Grace Akinyi, kitambulisho kimeongeza jina la baba, pasipoti imeyapanga kwa utaratibu mwingine, na wakala amekata tiketi kwa jina aliloambiwa kwa simu. Usiku, kwenye dirisha la shirika la ndege, kosa hilo ni janga. Wiki moja kabla, ni simu moja tu. Hata njugu karanga za kusaga, fahari ya Homa Bay, zikizidi mililita 100 ndani ya mkoba wa mkononi hutupwa kwenye ukaguzi, ilhali ndani ya begi kubwa zingesafiri salama. Haya yote yangeelezwa na mtu mmoja aliyeketi kwenye dawati la msafiri ndani ya Huduma Centre ya Migori au ya Homa Bay. Vituo hivyo, vilivyoanzishwa nchini mwaka 2013, tayari vimewapunguzia watu safari ya Nairobi kwa kuchukua alama za vidole za cheti cha tabia njema, na pasipoti siku hizi huombwa Kisumu na Kisii. Yaliyobaki Nairobi ni yale ya mataifa mengine: alama za vidole za viza za Uingereza na Kanada, mahojiano ya ubalozi wa Marekani, na kipimo cha kifua kikuu kwa anayekwenda Uingereza zaidi ya miezi sita. Kila moja ni basi la kwenda na la kurudi.

Anayetilia shaka kwamba njia ya kufika ina uzito huo amkumbuke mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga, kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Vijana 81 aliowasaidia kusafiri, waliotua New York Septemba 1959, walikuwa na nafasi zao vyuoni. Walichokosa ni njia ya kufika. Mboya na marafiki zake wa Marekani walitafuta pesa za ndege nzima, na hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka kwa mpango ule.

Wengine wataikumbuka Uasin Gishu, ambako wazazi walilipa mamilioni kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Finland na Kanada, na kufikia 2023 walikuwa wakiandamana Eldoret wakidai pesa zao. Kidonda hicho ni kibichi, na ndiyo sababu sipendekezi kaunti yoyote ishike hata shilingi ya msafiri. Dawati la maelezo halina akaunti ya benki. Na kwa wanaosema wasafiri ni wachache mno kushughulikiwa, Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na begi mbili na basi la kukimbilia.

Chombo cha kuliendesha jambo hili kipo. Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa ina kaunti 14, Migori na Homa Bay zikiwemo. Magavana wake wakiomba kwa sauti moja, kampuni zinazopokea maombi ya viza zinaweza kushawishika kuleta vifaa vyao Kisumu kwa wiki chache kila mwaka, Juni na Julai, kabla ya wanafunzi wa Septemba kuondoka. Wakiketi na mashirika ya ndege, wanaweza kudai ndege ya alasiri kutoka Kisumu ipangwe iwahi zile za usiku Nairobi. Na kwa mshahara wa karani mmoja katika kila kaunti, dawati la msafiri linaweza kufunguliwa kabla ya msimu ujao wa Septemba.