Ankara ya maji ya nyuma yatafuna mtaji wa wachuuzi West Nile

ARUA: Mfanyabiashara anayevuka Vurra kwenda Ariwara, au anayetoka Koboko kupitia Oraba hadi Kaya, huacha lango limefungwa kwa wiki kadhaa. Msoma mita asipoingia, matumizi hukadiriwa. Siku mita inaposomwa, tofauti ya miezi yote hudaiwa kwa mkupuo, na pesa ya mzigo huishia kwenye maji.

Arua na Koboko zinahudumiwa na Shirika la Taifa la Maji (NWSC). Ankara kubwa si lazima iwe kosa. Namba yake ikizidi ya mita, makadirio yamepita kiasi. Zikilingana, funga mifereji yote: mita ikizidi kuzunguka, bomba linavuja. Mpangaji mpya naye aulize kama deni ni la aliyemtangulia.

Sheria ya Uganda huzuia kudai deni la mkataba mahakamani baada ya miaka 6, lakini kukatiwa maji hakungoji mahakama. Hivyo pingamizi liandikwe mapema, na deni la haki liombewe kulipwa kwa awamu.

Picha ya mita yenye tarehe, iliyopigwa kabla ya safari, ndiyo ushahidi wa bei nafuu kuliko wote.